Mafuta Katika Chupa
JUMATANO

Soma 1 Wafalme 17:8–16. Mjane wa Sarepta alikuwa na nini nyumbani mwake, na Mungu alikitumiaje?

Mjane yule alibakiwa na unga kidogo na mafuta kidogo. Mungu hakuvidharau, kwa hivyo alimlisha mama, mwanawe na nabii. Leo pia mafuta huingia karibu katika kila mlo. Kwa hiyo namna tunavyoyachagua na kuyatumia ni sehemu ya uwakili wa mwili, ambao Paulo anauita hekalu la Roho Mtakatifu (1 Wakorintho 6:19, 20).

Kuchagua. Katika maduka ya Holili, kama kwingine nchini, kuna mafuta ya alizeti, ya mawese na ya mgando. Sehemu kubwa ya mafuta ya alizeti ni ya aina isiyoganda, ambayo ni bora kwa moyo. Karibu nusu ya mafuta ya mawese, na sehemu kubwa zaidi ya mafuta ya nazi, ni ya aina inayoganda, nayo hupandisha lehemu mbaya katika damu. Baadhi ya mafuta ya mgando ya kiwandani yana aina yenye madhara zaidi, ambayo mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilizitaka nchi zote ziiondoe katika vyakula. Parachichi za miteremko ya Kilimanjaro, karanga na ufuta huupa mwili mafuta mema bila kupita kikaangoni.

Kutunza. Mwanga, joto na hewa huharibu mafuta. Chupa ifunikwe vizuri na kuwekwa kabatini, mbali na jiko na dirisha. Mafuta mapya yasimiminwe juu ya masalio ya zamani. Dumu lililowahi kutiwa dawa ya shamba lisitiwe chakula kamwe, hata likioshwa.

Kutumia. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina kilokalori zipatazo 120, hivyo ni heri kupima kwa kijiko kuliko kumimina kwa kukisia. Mafuta yasiachwe motoni mpaka yatoe moshi. Yaliyokwisha kukaangia yakiwa meusi, mazito, yenye povu au harufu kali, yamwagwe.

Soma Kumbukumbu la Torati 25:13–16. Mungu anakataza nini hapa?

Hapa ndipo penye jaribu. Kwa mama anayekaanga maandazi ili awauzie abiria na madereva mpakani, kumwaga mafuta ni kumwaga faida, na huenda ada ya shule inategemea faida hiyo. Lakini anayewapikia wanawe kwa mafuta safi na wateja kwa mafuta meusi ana vipimo viwili. Mteja naye ana mwili ulionunuliwa kwa thamani. Dada huyu anaweza kutumia sufuria ndogo na mafuta machache kwa kila mkupuo, au kuuza pia mihogo ya kuchemsha na mahindi ya kuchoma.

Wala kanisa lisimwachie mzigo huo peke yake. Asiye na fedha hununua mafuta ya kupima, kidogo kidogo, bila kujua yametoka dumu gani. Ni rahisi kumfundisha afya. Ni vigumu zaidi kuchanga naye. Familia nne au tano zikinunua kwa pamoja dumu la lita 20 lililofungwa kiwandani, zikagawana siku hiyohiyo, kila moja hupata mafuta mazuri kwa bei nafuu. Mjane wa Sarepta alishiriki kile kidogo alichokuwa nacho, na nyumba yake haikupungukiwa.

Maswali ya Kujadili

1. Je, kuna chakula unachowapa wageni au wateja ambacho usingewapa watoto wako? Kwa nini?

2. Tunawezaje kufundisha kanuni za afya bila kumwaibisha ndugu asiye na uwezo?

3. Kikundi chenu kinaweza kufanya nini juma hili ili jiko moja lenye uhitaji lipate mafuta safi?