Mzigo Ufike, na Punda Naye Afike

Hapa kijijini kwetu Chwaka, maji yakikupwa, mwani huvunwa na kupandishwa juu. Nyuma yake zinangoja kuni, mchanga na matofali. Kwa nyumba isiyomudu kukodi gari, mbebaji ni punda. Msemo wa "punda afe, mzigo ufike" tumeuzoea hata tukaiona fimbo ni sehemu ya kazi. Sikubaliani nao. Punda anayegoma mara nyingi ana mzigo uliozidi, ana kiu au ana kidonda. Yaondoe hayo, na fimbo itakosa kazi.

1. Punguza uzito mapema. Mwani mbichi ni maji matupu: kilo saba au zaidi hubaki kilo moja ukikauka. Ukiweza, uanike karibu na pwani ndipo uupakie. Kwenye mchanga laini, pakia nusu ya mzigo wa barabara ya lami.

2. Sawazisha gari la punda. Kabla ya kumfunga punda, inua kwa mikono yako ile miti miwili ya mbele. Ikikulemea wewe, itamlemea na yeye. Sogeza mzigo nyuma. Ikitaka kuruka juu, usogeze mbele. Jaza tairi upepo.

3. Achana na kamba ya nailoni, maana inakata ngozi. Mvalishe kifuani mkanda mpana wa turubai, na mgongoni umwekee gunia lililokunjwa. Jioni mpapase chini ya mikanda. Ukikuta joto, uvimbe au manyoya yaliyokatika, hapo ndipo kidonda kinapoanza.

4. Mnyweshe kabla ya safari na baada yake. Punda anayefanya kazi juani anaweza kumaliza ndoo ya lita 20 kwa siku, na maji machafu huyakataa. Jua la utosi likifika, mfungue akae kivulini.

5. Kagua kwato kila jioni. Ardhi yetu ni ya mawe, na kijiwe kilichonasa humchechemesha.

6. Akiwa na kidonda, chemsha nusu lita ya maji, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, yakipoa umwoshe. Usimpake oili chafu. Mpumzishe mpaka kifunge. Kikizidi, mwite bwana mifugo.

Kumhurumia mnyama wa kazi si jambo geni: imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) aliingia bustani ya Ansari mmoja huko Madina, akamkuta ngamia anatokwa na machozi. Akampangusa mpaka akatulia, kisha akamkumbusha mwenye ngamia amche Mungu kwa mnyama aliyemilikishwa, kwani alikuwa akimtia njaa na kumchosha. Basi hukumu yake ilikuwa juu ya chakula na kazi, mambo ambayo kila mmoja wetu anayaweza leo.

Wanaoliendesha gari la punda aghalabu ni vijana wetu. Wafundishe kumwongoza punda kwa sauti na kwa hatamu, nao wakija kuwa na punda wao hawatauliza fimbo iko wapi.