Somo Letu: Theluji ya Rwenzori ni Jambo la Kazi



Hapa Bukoto tukisema baridi, twasema ile ya mvua ya alfajiri. Ndiyo maana wenzetu wengine hucheka wakiambiwa kwamba katika Uganda hii hii, karibu na mstari wa Ikweta, yuko mfanyakazi anayekanyaga theluji na mzigo mgongoni. Ni mpagazi wa Rwenzori, aghalabu ndugu yetu Mkonzo wa upande wa Kasese.

Tupige hesabu. Hewa hupoa kama digrii 6 kwa kila meta 1,000 unazopanda. Kampala iko kama meta 1,200 juu ya bahari. Kibanda cha Elena, wanapolala watu kabla ya kukwea kilele cha Margherita, kiko meta 4,541. Bukoto ikiwa na digrii 25, Elena ni kama 5 tu, tena mchana. Usiku maji huganda. Mvua ya bondeni huko juu huwa theluji, ikafunika mawe na njia, na ukungu ukaficha alama. Barafu ya kale imepungua sana tangu 1906, ni kweli, lakini theluji mpya bado huanguka.

Hata hivyo kinachoua zaidi ni nguo iliyolowa ikipigwa na upepo. Mgeni ana koti la mvua. Mpagazi ana sweta la mtumba lililolowa tangu matope ya Bigo. Njia ni moja!

Mtazame mwenzako. Akitetemeka, vidole vikishindwa kufunga kamba, akisema kama mlevi, baridi imemwingia. Akiacha kutetemeka bila ya kupata joto, usidhani amepona. Hapo yu karibu na kifo. Mwingize kibandani, mvue nguo zilizolowa, mfunike kwa makavu, mpe chai ya sukari kama aweza kumeza. Waragi hapana, hata akiomba: humfanya ajione ana joto huku joto lenyewe likimtoka.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2006 yamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga bila kumtoza mfanyakazi, nayo yampa mfanyakazi haki ya kuondoka penye hatari kubwa. Maneno mazuri. Lakini anayelipwa kwa safari, na akirudi njiani hapati kitu, ataitumiaje haki hiyo? Atapanda tu, watoto wanangoja karo.

Kwa hiyo madai yetu ni haya, tena yaandikwe kabla ya kuondoka Nyakalengija: siku ya kurudishwa na theluji ilipwe kama siku ya kazi, na koti la mvua litoke kwa mwajiri. Huko Moshi, tangu 2003, upo mradi unaowaazima wapagazi wa Kilimanjaro nguo za baridi bure. Ni msaada mwema, ila mwajiri asijifiche nyuma yake.

Na mpagazi akiumia, mwajiri apewe habari upesi, kabla ya mwezi kwisha, na Afisa wa Kazi wa wilaya aambiwe pia. Mkiandika, wekeni nakala moja tawini.