Nguvu ya Treni Hukaa Wapi?

Reli ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Dodoma mwaka 1910. Treni iendayo huko hutoka pwani na kupanda hadi uwanda wa juu, kimo cha mita 1,100 hivi. Kuinua tani 1 hadi kimo hicho kwahitaji jouli milioni 11. Nguvu hiyo hutoka wapi, nayo huishikaje reli?

Injini ya mvuke ilibidi ibebe kuni au makaa pamoja na maji mengi, jambo zito katika nchi kavu kama Ugogo. Injini ya dizeli iliondoa haja ya mvuke, lakini mpango ulibaki ule ule: kichwa kimoja kuvuta mabehewa yasiyo na nguvu yao wenyewe.

Mpango huo una kikomo. Gurudumu huisogeza treni kwa msaada wa msuguano kati yake na reli. Tuseme msuguano huo hauzidi sehemu moja ya tano ya uzito ulio juu ya magurudumu yanayoendeshwa. Kichwa cha tani 80 kina uzito wa nyutoni 800,000; basi kani yake haiwezi kuzidi nyutoni 160,000. Ikizidi, magurudumu huteleza.

Kikomo hicho kilisumbua zaidi treni za mijini zinazochukua watu kwenda kazini, kwa kuwa husimama na kuondoka mara nyingi. Mwaka 1897 mhandisi wa Marekani, Frank Sprague, alibuni kwa ajili ya reli ya Chicago njia ya kuziongoza kwa pamoja mota za mabehewa kadhaa kutoka chumba kimoja cha dereva. Hivyo abiria wenyewe, kwa uzito wao, huisaidia treni kushika reli.

Mpango huo sasa umefika Dodoma. Mwaka 2024 treni za umeme zilianza kusafirisha abiria kutoka Dar es Salaam, juu ya reli mpya yenye upana wa milimita 1,435. Baadhi huvutwa na kichwa. Nyingine, ambazo watu huziita «mchongoko», zina mota chini ya mabehewa. Katika treni za umeme za kisasa, mota huweza pia kugeuka jenereta wakati wa kufunga breki au kuteremka, na kurudisha umeme kwenye waya.

Hata hivyo, dizeli husafiri na mafuta yake, ilhali treni ya umeme hutegemea waya. Umeme wa gridi ukikatika, safari nayo husimama. Kwa hiyo ubora wa treni hiyo hauwezi kutenganishwa na uimara wa gridi ya taifa.

Zoezi: Treni ina mabehewa 8 ya tani 50 kila moja, na 4 kati yake yana mota zinazoendesha magurudumu yake yote. Tafuta kani yake kubwa kabisa kabla ya kuteleza, kisha uilinganishe na ile ya kichwa cha tani 80. (Jibu: nyutoni 400,000, ni mara mbili na nusu.)