Kusoma Ukoloni Ufipa: Utabiri, Tawasifu na Ripoti

1.0 Utangulizi

Katika mihadhara ya fasihi, maandishi yahusuyo ukoloni hugawanywa kwa desturi katika mafungu mawili: bunilizi, yaani riwaya, tamthilia na hadithi, na maandishi yasiyo ya kubuni, yaani tawasifu, ripoti na historia. Mgawanyo huu una manufaa yake, lakini huambatana na imani ambayo haijahakikiwa vya kutosha: kwamba fungu la pili ndilo lenye ukweli, na la kwanza ni pambo lake tu. Makala hii inadai kuwa imani hiyo yenyewe ni sehemu ya urithi wa ukoloni. Watawala na wamisionari ndio waliokuwa na matbaa na majarida, ilhali watawaliwa wengi walihifadhi fikra zao kwa masimulizi. Hivyo, asomaye ripoti kama ukweli na masimulizi kama ngano amekwisha kuchagua upande kabla hajafungua kitabu.

Hoja hii itachunguzwa kwa mifano ya Ufipa, uwanda wa juu ulio kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, ambao mji wake mkuu leo ni Sumbawanga. Ufipa imechaguliwa kwa makusudi. Vita vya Majimaji (1905–1907) vilipiganwa mbali na huko, na uhakiki wetu umezoea kuutafuta ukoloni penye vita. Mahali pasipo na vita mashuhuri hudhaniwa kuwa hapakuwa na la kusimuliwa.

2.0 Utabiri wa Kaswa

Masimulizi ya Wafipa yanamtaja nabii aitwaye Kaswa, aliyetabiri ujio wa wageni wa kutisha ambao wangeleta vita na kuwanyang'anya watu nchi yao. Roy Willis aliyakusanya katika utafiti wake wa miaka ya 1960 na kuyachapisha mwaka 1970. Swali la kwanza la msomaji huwa: je, Kaswa alitabiri kweli, au maneno haya yalitungwa baada ya mambo kutokea? Swali hilo ni halali kwa mwanahistoria anayetafuta tarehe. Kwa mhakiki, hata hivyo, halitoshi. Hata tukikubali kwamba masimulizi yaliendelea kuundwa wakati wa ukoloni, bado tuna matini ambamo watawaliwa wanautathmini utawala huo kwa lugha yao na kwa utanzu wao. Ufundi wa utabiri ni kumrudisha msikilizaji nyuma ya tukio, ili alione kama jambo lililoingia, si kama hali ya kawaida ya dunia.

Maana ya Kaswa huongezeka tukiisoma sambamba na kisasili cha Milansi, ambacho Willis (1981) alikichambua kwa kina. Humo wanawake wageni wanafika Milansi wakati mtawala Ntatakwa yuko mawindoni, nao wanakitwaa kiti chake. Lakini mambo yanaishia katika mapatano: wageni wanachukua utawala wa nchi, na Milansi inabakiwa na heshima yake ya kidini. Kwa hiyo, mgeni mtawala hakuwa wazo jipya kwa Wafipa. Jipya katika utabiri wa Kaswa ni mgeni asiyepatana na mtu. Tofauti hii ni hoja ya kisiasa kuhusu uhalali wa mamlaka, nayo haionekani kwa anayezisoma matini hizi kama ngano tu.

Ebrahim Hussein alikumbana na suala la namna hiyo alipotunga Kinjeketile (1969). Yeye mwenyewe alitahadharisha kwamba Kinjeketile wa jukwaani ni kiumbe wa sanaa, si nakala ya yule wa historia. Tahadhari hiyo haikuifanya tamthilia ipungukiwe na ukweli. Iliuhamishia ukweli wake penye swali la nguvu ya neno lililokwisha kutoka kinywani mwa msemaji.

3.0 Tawasifu ya Adrian Atiman

Mwaka 1946 jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapisha tawasifu ya Adrian Atiman. Mzaliwa huyu wa sehemu za Timbuktu alitekwa utotoni, akakombolewa na Mapadre Weupe, akasomeshwa utabibu Malta, na mwaka 1889 akafika Karema, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, ambao sasa uko katika Mkoa wa Katavi. Alitibu watu huko hadi alipofariki mwaka 1956.

Hii ni tawasifu, na matukio yake makuu hayana shaka. Lakini msomaji hana budi kuzingatia hali ya usemaji: aliyemkomboa msimulizi ndiye aliyemlea, ndiye aliyemwelimisha na ndiye aliyemtuma. Shukrani katika hali hiyo yaweza kuwa ya dhati kabisa, na papo hapo ikawa ndiyo lugha pekee inayoruhusiwa. Tukumbuke pia kwamba James Mbotela, katika Uhuru wa Watumwa (1934), aliisimulia historia ya ukombozi kwa mtazamo wa shukrani kwa wakombozi.

Hapa ndipo bunilizi inapofaa. Katika Paradise (1994) ya Abdulrazak Gurnah, iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis kwa jina la Peponi (2022), kijana Yusuf anatolewa kwao kuwa rehani ya deni la baba yake. Riwaya inaweza kuingia moyoni mwa mtoto huyo na kuonyesha mkanganyiko wa kumpenda anayekumiliki. Haithibitishi kwamba Atiman alihisi hivyo, wala haina haja. Kazi yake ni kutufundisha kuuliza swali ambalo tawasifu haikuwa na nafasi ya kuliuliza.

4.0 Ripoti za Uhunzi

Wafipa waliyeyusha chuma katika matanuri marefu ya udongo yaitwayo malungu, yaliyovuta hewa bila mivukuto. Kazi hiyo iliandamana na dawa na miiko. Padre Wyckaert aliieleza mwaka 1914 katika makala ambayo kichwa chake kinawagawa wahunzi kuwa wapagani na Wakristo. Greig aliieleza tena mwaka 1937. Ripoti hizi zina thamani kubwa, kwani zinataja hatua za kazi ambayo baadaye ilikufa. Lakini kichwa cha Wyckaert chatosha kuonyesha kwamba kabla ya kumwona fundi, mwandishi alikwisha kumpanga kwa dini. Utafiti wa kiakiolojia wa Bertram Mapunda (1995) umeonyesha jambo ambalo mtazamo wa aina hiyo hulificha: uhunzi wa eneo hilo ulikuwa na historia na mabadiliko yake.

5.0 Hitimisho

Matini hizi tatu zinadai maswali yaleyale: nani anasema, anamwambia nani, kwa ruhusa ya nani, na nini hakingeweza kusemwa mahali hapo? Maswali hayo yaulizwe kwa ripoti kwa ukali uleule yanavyoulizwa kwa ngano. Mwanafunzi wa Sumbawanga ambaye amesikia habari za Kaswa kwa wazee wake, na aliyeona magofu ya malungu mashambani, asifundishwe kuviacha nje ya darasa ili aisome Ufipa katika ripoti pekee. Avilete darasani, navyo vihakikiwe kama matini nyingine zote.