Kampuni ya Simu Ikipokea Msaada, Inapaswa Kuandika Nini?

Fundisho letu la mara hii si la mbegu wala la mbolea. Tunataka kuzungumza juu ya rezo ya simu, na zaidi juu ya makaratasi ambayo kampuni ya simu inapaswa kujaza pale inapopewa pesa za wote ili ifikishe rezo kijijini. Tunajua wengine watauliza: makaratasi ya kampuni yanatuhusu nini sisi walimaji? Subirini kidogo.

Msimu uliopita tulikuwa Kalengera, tunapima maharagi kwenye depo. Mama mmoja alifika amechelewa, miguu yake imejaa matope. Alikuwa amepanda kilima kutafuta rezo, amuulize dada yake wa Goma bei ya soko iko ngapi. Aliposhuka, mnunuzi alikuwa amekwisha kupakia na kwenda. Mama akasema: "Banasema huku rezo iko. Iko kweli, lakini kule juu ya kilima njo inakaa." Watu walicheka, naye akacheka, lakini gunia lake lilirudi nyumbani. Na maneno yake ndiyo shida yenyewe: kwenye karatasi rezo iko, nyumbani kwa mama haiko.

Kampuni ya simu inafuata mahali penye watu wengi na pesa. Antene inataka mafuta ya jenereta ao sola na betri, inataka mlinzi, inataka njia ya kupitisha gari la fundi. Kijiji cha watu wachache hakirudishi gharama hiyo. Njo maana serikali nyingi ziliweka mfuko wa huduma kwa wote: kila kampuni inatoa sehemu ya mapato yake, na pesa hiyo inapewa kampuni itakayokubali kwenda kule pasipo faida. Kenya, kampuni inatoa 0.5 kwa mia ya mapato yake ya mwaka. Tanzania waliandika sheria ya mfuko wao mwaka 2006, na mwezi wa Mei 2023, pale Dodoma, walitia sahihi mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713. Hapa kwetu Kongo, sheria nambari 20/017 ya tarehe 25 Novemba 2020 ndiyo inayozungumza juu ya Mfuko wa Maendeleo ya Huduma kwa Wote, ule unaoitwa kwa herufi FDSU.

Tusiione pesa hiyo kama zawadi. Mapato ya kampuni yanatoka kwenye yunite tunazonunua, mia tano mia tano, kila siku. Kwa hiyo mwenye kuuliza pesa ilifanya nini si mwombaji.

Sasa tukumbuke siku mradi ulipoleta mbegu kwenye koperative. Kulikuwa liste ya majina, na kila mtu alisinya ao akaweka kidole. Kulikuwa boni ya kilo zilizoingia depo. Kiisha agronomu akaja kuona kama mbegu iko shambani kweli ao iliuzwa sokoni. Komite ikaandika ripoti, ikapiga kashe. Yote hayo ni kwa sababu mwenye kutoa hakuwa hapa, na hawezi kuingia katika kila shamba. Kampuni ya simu inayopokea msaada iko katika hali ileile, isipokuwa pesa yake ni nyingi zaidi.

Makaratasi yake yanaanza mbele ya antene. Mfuko unatangaza vijiji, kampuni zinaandika bei, na mara nyingi yule anayeomba msaada mdogo kuliko wengine ndiye anapewa. Mkataba unapaswa kutaja vijiji kwa majina, tarehe ya kumaliza, aina ya huduma (sauti peke yake, ao na intaneti), na muda ambao antene itaendelea kufanya kazi. Hilo la mwisho watu wengi wanalisahau. Kujenga antene ni jambo la wiki chache. Kuitia mafuta miaka mitano, hapo ndipo kazi iko.

Mahali ambapo makaratasi haya yamekwenda mbali sana ni Marekani, na hadithi yao inatufaa kwa sababu kule walimaji wenyewe waliunda koperative za simu. Mwaka 1949 serikali yao ilikubali kukopesha pesa za kupeleka simu vijijini, na koperative nyingi zilizaliwa hapo. Nyingine zinafanya kazi mpaka leo. Kampuni ao koperative inayopokea msaada wa vijijini inajaza kila mwaka fomu nambari 481, na siku ya mwisho ni tarehe 1 Julai. Ikichelewa, msaada wake unakatwa kulingana na siku ilizochelewa. Kiisha, mbele ya tarehe 1 Oktoba, jimbo lenyewe linapaswa kuandika kwamba pesa ilitumiwa kwa kazi iliyokusudiwa. Makaratasi yote yanachungwa miaka 10, ili mkaguzi akija asiambiwe kwamba panya walikula.

Kulikuwa wakati fomu ile iliuliza pia: rezo ilikatika mara ngapi? Watu wangapi waliomba simu na hawakupata? Malalamiko yalikuwa mangapi? Mwaka 2017 maswali hayo yaliondolewa, kwa kusema yanachosha kampuni na hayaongezi mengi. Kwa koperative ndogo yenye sekreteri mmoja tunaelewa. Lakini la malalamiko lilituuma, maana katika fomu nzima hapo ndipo sauti ya mlimaji ilikuwa na kiti.

Tena kule kuna sheria nyingine ambayo ilitufanya tucheke kidogo, juu yetu wenyewe. Ofisi ya serikali haiwezi tu kuamka na kuwapa watu fomu mpya. Inapaswa kwanza kutangaza fomu hiyo itakula saa ngapi za mtu, na kuwapa watu siku 60 waseme maoni yao. Sisi tunaowaletea ninyi fomu kila mwezi hatujawahi kuwahesabia saa zenu. Tumesikia.

Turudi kwa mama wa kilimani. Kampuni inaweza kuandika ukweli mtupu na bado mama asipate rezo. Fundi anasimama karibu na antene, simu yake inaonyesha nguvu yote, anaandika: kijiji kimepata. Ramani inapakwa rangi. Lakini nyumba ziko nyuma ya kilima, na usiku jenereta inazimwa. Marekani walijaribu kuziba tundu hilo: kwa misaada mingi ya intaneti, kampuni haiandiki tena jina la mahali peke yake. Inatoa alama za GPS za kila nyumba iliyofikiwa, nyumba kwa nyumba. Ni kama agronomu anayekataa kuandika "kijiji kimelima" na kutaka kuona kila shamba.

Sisi hatuwezi kulazimisha kampuni kufanya hivyo, na Kinshasa ni mbali. Lakini kuna karatasi moja ambayo hakuna mtu anaweza kutuzuia kuandika: ya kwetu. Mtu wa ofisi ao wa kampuni akifika na kuambiwa "rezo ni mbaya", anaitikia na kupanda gari lake. Akionyeshwa miezi mitatu iliyoandikwa siku kwa siku, ni lazima ajibu kitu. Na maswali ya kumuuliza ni haya: antene hii ilijengwa kwa pesa ya mfuko ao ya kampuni peke yake? Kama ni ya mfuko, vijiji gani vimetajwa kwenye mkataba, na kampuni iliahidi kuihudumia mpaka mwaka gani? Kama ni ya kampuni peke yake, msichoke. Kaye ile itasaidia kijiji kuomba kiwekwe kwenye liste ya mfuko.

Basi tumeweka kaye moja depo, kwa sekreteri. Anayepita na mzigo wake anaandika ao anaandikiwa: tarehe, saa, mahali alipokuwa, laini ya kampuni gani, na kilichotokea. Musiandike "kila siku inasumbua", hiyo haina nguvu. Muandike siku moja moja, na hata siku rezo ilipokuwa nzuri, maana kaye inayolalamika tu haiaminiwi. Pesa ya simu ikikwama, andikeni ilikwama saa ngapi na ikafunguka saa ngapi, lakini namba ya siri musiiandike kamwe.

Na neno moja la uzito. Kaye hii ni ya rezo tu. Musiandike habari za askari, za nani alipita, wala za nani alimpigia nani. Katika hali yetu karatasi ya namna hiyo inaweza kuua mtu. Sekreteri akiona mstari kama huo, aukate na kuchoma ukurasa.

Mfano wa mistari mizuri ni huu: "Jumanne, saa moja asubuhi, nyumbani nyuma ya shule, simu haikutoka. Nilipanda kilima, ikatoka saa mbili." Na mwingine: "Alhamisi, saa kumi na mbili jioni, depo, rezo ilikatika, ikarudi asubuhi." Mama yule wa maharagi tayari amejaza mistari yake minne.