Baridi ya Julai Isiingie Katika Ndoa



Mwezi huu tutazungumza juu ya jambo ambalo wengi hawalihesabu kuwa jambo la ndoa, nalo ni baridi. Hatusemi kwa mafumbo. Tunasema baridi yenyewe, ile ya ukungu na manyunyu inayoanza kutushika huku Kericho na Bomet mwezi wa Juni na kutuachilia Agosti ikiisha, na miaka mingine hata Septemba. Msomaji wa Mombasa atacheka. Lakini ninyi mnaoishi Konoin, Bureti, Ainamoi au Kipkelion mnajua. Asubuhi mti wa jirani hauonekani. Nguo zilizofuliwa Jumatatu bado zina unyevu Alhamisi. Alasiri mvua ya mawe inapiga na kuchana majani ya chai, na mtu anaweza kukaa wiki nzima hajaliona jua sawasawa.

Mama mmoja wa upande wa Bomet alitujia baada ya Misa, mimi na mke wangu, akiwa na shauri zito. Alisema kwamba kila mwaka, mwezi wa saba ukifika, mume wake "anazima". Anatoka shambani, anakula bila neno, na saa mbili usiku amekwisha lala ameelekea ukutani. Mwaka wa kwanza mama alidhani amemkosea. Mwaka wa pili alidhani kuna mwanamke mwingine. Mwaka wa tatu alianza kupekua mifuko na simu, asipate kitu ila risiti za kituo cha kununulia majani chai. Halafu akasema neno ambalo sijalisahau: "Sasa namchukia kwa sababu sikumpata na kosa."

Nilipozungumza na mume mwenyewe alinijibu kwa upole, "Sina neno na yeye. Nimechoka tu, na sijui nimechoka na nini." Mwezi wa Oktoba alikuwa amerudi kuwa mtu wa kawaida, anacheka na watoto. Lakini miezi mitatu ya kimya kila mwaka, kwa miaka mitatu, ilikuwa imekwisha kuharibu mengi.

Huzuni hii inatoka wapi?

Katika nchi za mbali kaskazini jambo hili linajulikana sana. Huko Tromsø, nchini Norway, jua halichomozi kabisa kuanzia mwisho wa Novemba hadi katikati ya Januari. Mwaka 1984 daktari Norman Rosenthal na wenzake huko Marekani waliandika juu ya watu wanaoingiwa na huzuni kila majira ya baridi, wakilala kupita kiasi na kutamani vyakula vya wanga, kisha wakapona siku zinaporefuka. Waliona kwamba mwanga mwingi uliwasaidia.

Sisi hatuwezi kulaumu urefu wa siku. Mji wa Kericho hauko hata nusu digrii kusini ya ikweta, na mchana wetu ni wa saa kumi na mbili hivi mwaka mzima. Lakini tuko juu, karibu meta 2,000 toka usawa wa bahari, na mawingu ya Julai yanatuzibia ule mwanga tuliopewa. Tena baridi inatufungia ndani, katika nyumba zenye madirisha madogo na pazia nzito. Mchumaji chai anaingia shambani asubuhi majani yakiwa yamelowa, anatoka na mikono iliyokufa ganzi, kisha anangoja lori kituoni akiwa na viatu vyenye maji.

Halafu kuna mfuko. Mchai nao unasikia baridi: unachipua polepole, na kilo zinapungua. Mkulima mdogo hulipwa kila mwezi kwa kilo alizopeleka, na bonasi huja baada ya hesabu za mwaka kufungwa mwisho wa Juni, kwa kawaida mnamo Oktoba. Kati ya hapo kuna karo ya muhula wa tatu. Basi mwezi wenye mwanga mdogo kwetu ndio pia wenye fedha ndogo. Baba anahesabu kilo na kunyamaza. Mama anahesabu unga na kusema. Yeye anayenyamaza anaona anasumbuliwa, na yeye anayesema anaona amedharauliwa, kumbe wote wawili wanaogopa kitu kimoja.

Hii ndiyo sababu ya kwanza ya kuliita jambo hili kwa jina lake. Wale wawili tuliowataja walianza kupona siku mke alipoweza kumwambia mumewe, "Julai imefika, nitakuvumilia, lakini na wewe usiniache peke yangu." Hakumwambia, "Umebadilika."

Jikoni pana nafasi

Sasa tuje kwenye dawa, nayo ni ndogo kuliko mnavyotazamia. Hatutawaambia mfunge safari. Hakuna nauli. Tunasema juu ya raha zile ndogo za kila siku, ambazo ndoa changa huwa nazo bila kufundishwa na ndoa kongwe huziacha kwa uvivu.

Fikirini nyumba zenu nyingi zilivyo. Chumba chenye joto ni kimoja tu, nacho ni jiko, mara nyingi likiwa banda la pembeni. Humo mama na watoto wanaketi kuuzunguka moto. Baba yuko sebuleni peke yake, juu ya kochi lenye vitambaa, amejifunga koti, anatetemeka kwa heshima. Wengi wetu tulilelewa tukiambiwa kwamba mwanamume haketi jikoni. Sitaki kuwadharau wazee, lakini wazee hao walikuwa na moto katikati ya nyumba yao. Desturi ya sebule baridi si yao, ni yetu. Mpendwa baba, chukua kigoda chako uingie. Siku ya kwanza watoto watanyamaza kwa hofu. Siku ya tatu watakusimulia mambo ya shule ambayo hukuyajua.

Tena usiingie mikono mitupu. Lete kuni zilizo kavu, kwa maana hakuna kitu kinachomchokoza mke mwezi wa Julai kama kuni mbichi. Kama ni wakati wa mahindi mabichi, wewe ndiwe uyachome. Kama mna maziwa, kwangua mkaa wa senetwet na usaidie kuutia katika sotet, ili mama asibaki na kazi ya mursik peke yake.

Na hapa niseme kosa langu. Mwaka mmoja nilisoma mahali fulani kwamba familia ifurahie chakula kizuri pamoja, nikatangaza kwa sauti kubwa kwamba kila Jumamosi ya baridi tutakula chapati. Nilijiona mume mwema sana. Jumamosi ya tatu mke wangu, mikono yake imejaa unga na kiuno kinamuuma, aliniuliza, "Raha hii ni ya nani?" Raha ya mmoja inayotengenezwa kwa uchovu wa mwingine huongeza ukungu nyumbani. Tangu hapo ninasukuma mimi, naye anachoma. Zangu hazina umbo la mduara, lakini zinaliwa.

Kuna raha ya maji moto. Mtu aliyeshinda katika chai ana baridi miguuni mpaka magotini. Beseni la maji moto jioni, chumvi kidogo, na mwenzako akikupaka jeli ya kukamulia katika vidole vilivyopasuka: hii inamfikia mtu kuliko maneno mengi ya mapenzi. Mume amfanyie mke vilevile, asingoje kufanyiwa tu. Bwana wetu aliwaosha mitume miguu, wala hakuona haya.

Kuna chai yenyewe. Ni ajabu kwamba sisi tunaoipanda tunainywa vibaya, imechemshwa tangu alfajiri, imebaki katika chupa, inanywewa tumesimama. Tengeni robo saa, baada ya watoto kwenda shule au baada ya kulala, mpike mpya kwa maziwa na tangawizi, mkanywe mmekaa, wawili tu. Habari za madeni zisiingie katika kikombe hicho. Wekeni saa nyingine ya madeni, mara moja kwa wiki, mchana, na daftari mezani. Mkiyazungumza usiku kitandani mtalala navyo vyote viwili, baridi na deni.

Na kuna mwanga. Hata siku ya mawingu, mwanga wa nje unazidi sana ule wa ndani ya nyumba. Asubuhi fungueni pazia. Asiyekwenda shambani aketi mlangoni akichambua isagek, asijifungie ndani. Jumapili nendeni kanisani kwa miguu pamoja, ikiwa si mbali, badala ya baba kutangulia kwa bodaboda. Mnapofika mjini Kericho mnaweza kuingia katika Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu, lililotabarukiwa mwaka 2015, na kutazama jinsi mwanga unavyoshuka toka katikati ya lile paa refu. Watoto wanapenda kuutazama, na hakuna kiingilio.

Moto lazima niseme neno moja kwa ukali. Kila majira ya baridi tunasikia habari za watu waliolala na jiko la makaa chumbani wasiamke. Makaa yakiwaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina harufu, haina rangi, na humlaza mtu kabla hajajua. Jiko liwe mahali penye upenyo wa hewa, na litoke nje kabla ya kulala, hata kama baridi inauma. Tumieni blanketi, tumieni chupa ya maji moto iliyofungwa vizuri.

Mtauliza juu ya chumba cha kulala. Ndiyo, joto la mume na mke ni zawadi ya Mungu, wala si jambo la kuonea haya. Lakini mtu aliyenyamaza mchana kutwa asigeuke usiku akidai haki yake gizani. Anayetaka kupokewa usiku aanze saa kumi na mbili jioni, kwa kuni na maneno mema. Naye aliyezimwa na huzuni, mwili wake ukikataa, asiambiwe kwamba hapendi tena.

Mfano wa Louis na Zélie

Tarehe 12 Julai, katikati ya baridi yetu, Kanisa hukumbuka watakatifu Louis na Zélie Martin wa Ufaransa, wazazi wa Mtakatifu Tereza wa Mtoto Yesu. Walioana Julai 1858 mjini Alençon. Yeye alitengeneza saa, mke alitengeneza lesi. Walizaa watoto tisa, na wanne walikufa wakiwa wadogo. Oktoba 2015 Papa Fransisko aliwatangaza kuwa watakatifu, mume na mke pamoja. Ninawapenda kwa sababu walikuwa na raha za kawaida: Louis alipenda kuvua samaki na kutembea na binti zake.

Lakini kuna sehemu ya maisha yake ambayo haihubiriwi sana. Zélie alikufa mwaka 1877, na katika uzee wake Louis aliugua akili. Alikaa katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Caen toka mwaka 1889 mpaka 1892. Mtakatifu huyu hakukosa sala. Aliugua.

Ninalisema hili kwa sababu chai ya tangawizi ina mpaka wake. Mwenzako akikaa majuma mawili au zaidi bila kufurahia chochote, halali au halali vya kutosha kuamka, hali au anakula bila kujua, anasema yeye ni mzigo, anakunywa pombe kila jioni ili alale, au anataja kufa, hiyo si Julai tena. Mpeleke hospitali, ufuatane naye, ukae naye chumbani kwa daktari akikubali. Akitaja kufa usimwache peke yake, na dawa za shamba zifungiwe. Usimwambie aongeze imani. Wala msiogope sheria: Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kile kifungu cha 226 kilichomfanya mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu kinapingana na Katiba. Mgonjwa aonwe na mganga.

Kwa mazungumzo ya nyumbani

Jioni moja wiki hii, jikoni, kila mmoja amjibu mwenzake maswali haya bila kukatizwa. Ni mwezi gani wa mwaka unaokulemea, na ninaonaje kwamba umelemewa? Ni raha gani ndogo tuliyokuwa nayo mwaka wa kwanza wa ndoa, na nani aliiacha kwanza? Ni raha yangu ipi inayokuchosha wewe? Mwenye kuandika aandike majibu, ayaweke pamoja na risiti za chai, nanyi myasome tena Oktoba, bonasi ikiingia.