"Ningalikuja" kwa Kifaransa

Mvulana mmoja wa Kalemie, kando ya ziwa Tanganyika, alitumwa na mama yake aende bandarini alfajiri kumpokea bibi yake aliyekuwa akija kwa meli. Lakini usiku ule mvulana alikaa akicheza na wenzake hata usiku wa manane, na alipoamka jua lilikuwa limekwisha kupanda. Alipofika bandarini alimkuta bibi ameketi juu ya mzigo wake, nguo zimelowa kwa mvua. Bibi hakumlaumu, alimwuliza tu kama nyumbani wameamka salama.

Jioni mvulana alimwandikia kaka yake barua kumweleza mambo hayo. Kwa kuwa kaka yake alimtaka ajizoeze Kifaransa, aliandika hivi: "Si j'aurais entendu le coq, je serais venu plus tôt." Alitaka kusema: "Kama ningalisikia jogoo, ningalikuja mapema zaidi." Majibu ya kaka yalikuwa mafupi sana. Mstari wa kwanza ulisahihisha neno moja. Mstari wa pili ulisema: "Jogoo hana kosa. Mwondoe jogoo, ujiweke mwenyewe, kisha uandike tena."

Ili kuyaelewa masahihisho hayo mawili, yafaa kuanza na Kiswahili chenyewe. Mtu asemapo "ningekuja", mlango haujafungwa bado. Huenda akaja, huenda asije. Asemapo "ningalikuja", mlango umekwisha kufungwa: hakuja, wala saa ile haitarudi. Wako wengi wanaochanganya "nge" na "ngali" bila kujali, lakini Mfaransa hawezi kuzichanganya, kwa maana kwake la kwanza ni neno moja na la pili ni maneno mawili. "Ningekuja" ni je viendrais. "Ningalikuja" ni je serais venu. Namna hii ya pili ndiyo Wafaransa waiitayo conditionnel passé, yaani wakati uliopita wa sharti.

Katika maneno hayo mawili, la kwanza ni kitendo cha msaada, nacho ni avoir (kuwa na) au être (kuwa), kilichotiwa katika wakati uliopo wa sharti. Avoir huwa: j'aurais, tu aurais, il aurait, nous aurions, vous auriez, ils auraient. Être huwa: je serais, tu serais, il serait, nous serions, vous seriez, ils seraient. Neno la pili ni umbo la kitendo kilichotimia, liitwalo participe passé. Parler hutoa parlé, finir hutoa fini, vendre hutoa vendu. Viko na vitendo vikaidi visivyofuata njia hiyo: faire hutoa fait, prendre hutoa pris, voir hutoa vu, être hutoa été, avoir hutoa eu. Hivyo dawa yake ni kukariri tu.

Mwanafunzi asilitumainie sikio lake. Aurais, aurait na auraient husikika sauti moja. Ni mkono unaoandika ndio utakaoonyesha kama mwenye kutenda ni mmoja au wengi. Tena iko hatari nyingine iliyo ndogo kwa macho. J'aurai fini, pasipo herufi s, maana yake ni "nitakuwa nimemaliza". J'aurais fini, yenye s, maana yake ni "ningalimaliza". Mtu aliyemwahidi tajiri wake kazi, kisha akaiongeza s hiyo kwa kutojua, ameandika kwamba kazi haikufanyika.

Vitendo vilivyo vingi huchukua avoir. Vinavyochukua être ni vichache, na karibu vyote ni vya kwenda na kurudi, vya kuzaliwa na kufa: aller, venir, arriver, partir, entrer, sortir, monter, descendre, tomber, rester, naître, mourir. Kadhalika vile vilivyo na se mbele yake, kama se lever na se coucher. Kwa vitendo kama venir neno la pili humfuata mwenye kutenda. Mvulana huandika je serais venu. Dada yake huandika je serais venue. Wote wawili pamoja huandika nous serions venus. Asemaye "kiti kimevunjika, viti vimevunjika" hana sababu ya kushangaa, maana lugha yake mwenyewe hufanya kazi hiyo kutwa kucha.

Katika kukataa, Kiswahili huificha "si" ndani ya kitendo: nisingalikuja. Kifaransa hukizunguka kitendo cha msaada kwa maneno mawili, moja mbele na moja nyuma: je ne serais pas venu.

Sasa yafaa kulirudia lile neno moja alilosahihisha kaka. Kiswahili hutia "ngali" pande zote mbili: "Kama ningalisikia, ningalikuja." Ni mapacha waliovaa nguo moja. Basi mvulana yule alifikiri kwa Kiswahili, akawavika mapacha wa Kifaransa vivyo hivyo, ndilo kosa lake. Kwa Kifaransa neno si (kama) limekwisha kubeba sharti, wala halitaki sharti jingine karibu yake. Upande wa si hutiwa wakati uitwao plus-que-parfait, ambao kwa neno zima ni kama kusema "nilikuwa nimesikia". Upande wa pili peke yake ndio hutiwa sharti. Kwa hiyo ilimpasa kuandika: "Si j'avais entendu le coq, je serais venu plus tôt." Watoto wa Ufaransa wenyewe huteleza papo hapo, na walimu wao huwaonya kwamba si haipendi kukaa na -rais. Pande mbili zikibadilishana mahali, kanuni ni ile ile: "Je serais venu plus tôt si j'avais entendu le coq."

Wanaoandika historia ya Ufaransa huuhitaji sana wakati huu, na hasa wakiifikia siku ya 18 Juni 1815. Siku hiyo Napoléon alipigana na Waingereza na wenzao huko Waterloo, katika nchi iitwayo leo Ubelgiji. Jana yake alikuwa amemtuma jemadari wake Grouchy, pamoja na askari wapata 33,000, kuwafuatia Waprusi. Usiku mvua ikanyesha sana, ardhi ikawa tope, mizinga ikawa taabu kuivuta, na vita havikuanza hata karibu na adhuhuri. Grouchy aliisikia mizinga kwa mbali. Maofisa wengine walimsihi aelekee ulikotoka mlio. Naye akakataa, akashika amri aliyopewa. Waprusi wakamponyoka, wakafika Waterloo alasiri kuwasaidia Waingereza, na Napoléon akashindwa. Alipelekwa kisiwa cha Sainte-Hélène, akafia huko tarehe 5 Mei 1821.

Mambo hayo yote yalitukia, hakuna wa kuyageuza. Lakini mwenye kuyasoma hawezi kujizuia kusema: "Si la pluie n'était pas tombée, la bataille aurait commencé plus tôt." Kama mvua isingalinyesha, vita vingalianza mapema zaidi. "Si Grouchy était arrivé à temps, Napoléon aurait peut-être gagné." Kama Grouchy angaliwasili kwa wakati, labda Napoléon angalishinda. "S'il avait gagné, il ne serait peut-être pas mort à Sainte-Hélène." Kama angalishinda, labda asingalifia Sainte-Hélène. Hilo neno peut-être, yaani labda, si pambo. Anayesema juu ya yale yasiyotukia hana shahidi, na mwandishi mwaminifu hulitia.

Tena uko mstari wa pili wa kaka. Jogoo wa Kalemie aliwika alfajiri ile kama awikavyo siku zote. Mvulana aliitumia "ngali" kuutupa mzigo wake juu ya ndege. Kifaransa kina usemi wa kuuchukua mzigo huo, nao ni kitendo devoir katika wakati huu huu: j'aurais dû. Hapa Kiswahili hakifuati neno kwa neno. Asiyejua ataandika "ningalipaswa", na msikilizaji atabaki akingoja sharti lisilokuja. Maana yake hasa ni "ilinipasa kufanya, nami sikufanya". Mvulana aliandika mara ya pili: "J'aurais dû me coucher tôt." Ilinipasa kulala mapema, wala sikulala. Hapo hakuna si, hakuna jogoo, wala hakuna mvua. Pouvoir hufuata njia hiyo: j'aurais pu courir, "ningaliweza kukimbia", nami sikukimbia.

Yabaki matumizi moja ambayo Kiswahili hakina umbo lake, nayo yaweza kumdhuru mtu. Magazeti ya Kifaransa yanapoandika habari isiyothibitishwa, huitia katika wakati huu. "Le gardien aurait pris l'argent." Anayetafsiri kwa haraka atasema, "Mlinzi alichukua fedha," naye amekwisha kumhukumu mtu kabla ya hakimu. Mwingine atasema, "Mlinzi angalichukua fedha," kana kwamba alizuiliwa njiani. Wote wawili wamekosa. Maana ni: "Yasemekana mlinzi alichukua fedha." Gazeti halisemi kwamba alichukua, wala halisemi kwamba hakuchukua, lasema kwamba watu wasema. Mkalimani aliyeketi barazani mwa hukumu akiliacha hilo "yasemekana", mlinzi anaweza kuondoka pale akiwa mwizi kwa sababu ya kitendo cha msaada kisichoeleweka.

Zoezi. Andika kwa Kifaransa: Kama dada yangu angalifika mapema, tungaliondoka pamoja. Nisingalianguka kama ningaliona jiwe. Ilikupasa kumsaidia bibi. Kisha andika kwa Kiswahili: Si vous aviez fermé la porte, la chèvre ne serait pas sortie. Le chauffeur aurait quitté la ville. Katika usemi huu wa mwisho eleza pia ni jambo gani lililo hakika, na ni jambo gani lisilo hakika.